Chai Niliyokataa Kuionja

Mwanangu Mwamvua,

Nakusalimu salamu za mama na za nyumba nzima, hata za yule kuku wako mwenye kishungi ambaye tangu jana anakutafuta uvunguni. Sisi hatujambo, swaumu inakwenda. Ila moyo wangu haujatulia, ndiyo maana nimetandika mkeka uani karibu na jiko nikachukua kalamu ya baba yako. Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni kwa sababu hizo ndizo nilizofundishwa. Wewe umezoea za shuleni, na hizi unazisoma polepole. Vizuri. Leo nataka unisome polepole.

Unajua kwa nini uko Mzenga kwa bibi yako mzaa baba na si hapa Kisarawe. Mjomba wako Kondo alileta neno kwamba leo atakuja kufuturu kwetu, na jibu la safari yako atalitoa hapa hapa, wewe ukiwa haupo. "Sitaki mtoto anikodolee macho wakati naamua," ndivyo alivyosema. Baba yako amekubali siku nyingi. Chuo cha wakunga huko bara nacho kimekubali. Lakini ulimsikia baba yako mwenyewe: "Kwetu sisi Wazaramo mtoto ana mjomba wake. Siwezi kumpandisha treni huku mjomba wake kanuna." Wewe ulilia kwa maneno hayo. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nakijua kilichomnunisha mjomba wako, na si wewe.

Kesho asubuhi lori litapita Mzenga kupakia mananasi, na baba yako atakukabidhi barua hii. Jibu likiwa ndiyo atakupa, likiwa siyo atakupa. Ukiona sanduku lako la bati limo ndani ya lori, panda, mnakwenda stesheni ya Pugu. Usipoliona, kaa chini usome, ulijue kosa la mama yako lililokufungia njia. Hayo mengine ya kufua, ya kuswali kwa wakati, ya kuchunga heshima yako mbele za watu, umeshaambiwa na kungwi wako na shangazi zako mpaka masikio yamechoka. Siyarudii.

Hapa jikoni nina sufuria. Ni ile chai yetu ya barafu. Baba yako asubuhi karibu anipigie magoti, ati nipike uji wa mtama niachane na chai hii.

"Mama Mwamvua, unacheza na safari ya mtoto," akasema.

Nikamwambia, kaka yangu akinywa uji wangu atakuwa amekunywa uji tu. Kilichotutenganisha ni chai hii, na akiinywa hii ndipo nitajua amekunywa kwangu. Baba yako akachukua kofia yake akaondoka. Barafu ameahidi kuileta. Sasa nimebaki peke yangu sijui kama nilisema kwa akili, au ni kiburi changu kile kile kimerudi na kanga mpya.

Unaikumbuka barafu ya kwanza? Baba yako ndiyo kwanza amepata kazi ya utingo. Akashusha kutoka kwenye lori kifurushi cha gunia kilichojaa unga wa mbao, akachakura ndani, akatoa kipande kinachong'aa akakupa mkononi. Ulipiga yowe, ukakiangusha, ukakiokota. Kisha ukatoweka. Usiku tulipofungua sanduku kutafuta shuka, nguo zote chepechepe. Ulikuwa umekiweka akiba ya kesho. Ulivyolia kwa kukikosa, hata mimi niliyekusudia kukuchapa nilishindwa.

Chai yenyewe ilitoka kwa baba yako pia. Alionjeshwa kwenye mkahawa mmoja Dar es Salaam, karibu na wanaposhushia matunda, akarudi anasimulia: chai baridi, ina ndimu, na wala si mbaya. Nikamcheka. Chai baridi kwangu ilikuwa ni chai iliyosahauliwa. Lakini wiki ile alikuwa ameleta mananasi yaliyopondeka ambayo sokoni wameyakataa, nami sipendi kutupa kitu, nikajaribu. Nikaharibu, nikajaribu tena, mpaka nikaipata.

Hujawahi kuniuliza naitengenezaje, kwa hiyo nakuandikia, huenda huko bara ukaitamani. Maganda ya nanasi nayaosha, nayachemsha na tangawizi iliyopondwa mpaka maji yageuke rangi na ua mzima unukie. Nikishaipua ndipo natia majani ya chai, nafunika kidogo tu. Wengine huyachemsha majani pamoja na maganda, chai ikawa na ukakasi unaokamata ulimi. Sukari inaingia hapo hapo, chai ikiwa bado ya moto, maana ikishapoa sukari haiyeyuki, inakaa chini kama mchanga. Kisha naichuja naimimina mtungini, na mtungi naukalisha kwenye mchanga wenye maji pale kivulini. Ndimu na maji ya machungwa ni mwisho kabisa, la sivyo harufu yake inaondoka na mvuke. Barafu tunaitwanga kwa mchi ikiwa ndani ya gunia lake.

Leo sukari nimeshaipima. Iko kwenye bakuli hapa mkekani, nimeifunika kawa kwa ajili ya sisimizi. Nangoja maganda yatoe rangi. Basi nikusimulie huku nikingoja.

Ilikuwa Ramadhani kama hii, wewe unapoteza meno ya utoto. Bibi yako mzaa mama alikuwa ameshafariki, na mimi na mjomba wako tulikuwa tumerushiana maneno juu ya shamba aliloliacha kule Mzenga. Nilimwambia anataka kula peke yake. Naye akaniambia tangu niolewe na mtu wa lori najiona. Wazee wakatukalisha, tukapatana, shamba likagawanywa, na Kondo akasema atakuja na wifi yangu kufuturu kwangu ili watu waone yamekwisha.

Nilifurahi mno, na furaha ile ndiyo iliyonipoteza. Nikasema siku hiyo kaka yangu atakunywa kitu ambacho hakijanywewa Kisarawe hii. Barafu ikaletwa. Chai nikaipika vizuri, ikapoa vizuri, ndimu ikaingia. Halafu nikaitazama nikaiona kavu. Unajua ilivyo kwetu. Chai ya rangi unakunywa wewe na wanao. Mgeni wa heshima, tena kaka yako mkubwa, siku ya kupatana, utampa chai ya rangi? Atasema bado nina kinyongo. Maziwa ya ng'ombe hapa ni ya kutafuta, nawe unajua. Niliyatafuta mpaka nikayapata, nikayaweka kwenye kijagi peke yake.

Ningeonja ningejua. Lakini nilikuwa nimefunga. Mama yangu alikuwa akituruhusu tugusishe ncha ya ulimi na kutema, ndivyo alivyofundishwa kwamba kwa mpishi hapana ubaya. Mimi sikutaka hata hilo. Nilijiona swaumu yangu safi kuliko za wenzangu.

Ikaadhiniwa magharibi. Wifi yako wa kesho na keshokutwa usimfanyie niliyomfanyia wangu: hata tende sikumwachia aimalize. Nilikuwa na haraka ya kujionyesha. Nikammiminia Kondo chai kwenye bilauri, barafu inagonga kioo, kila mtu anatazama. Nikachukua maziwa nikayamimina juu, pale pale mbele yake, kwa madaha.

Yakakatika. Chai ikawa na mabonge meupe yanapanda na kushuka, na huku juu povu la kijivu.

"Mwajuma," akaniita, "nini hiki?"

"Chai, kaka."

"Chai ndiyo inakatika hivi?"

"Labda ni maziwa."

Akaitazama. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, mpaka wifi yangu aliyekaa ubavuni mwake nadhani hakusikia: "Basi onja."

Hakuomba kitu cha ajabu. Wewe mwenyewe ukimpelekea mgeni maji unapiga fundo moja kwanza mbele yake, hata huwazi. Nilipaswa niwe nimeshafanya hivyo kabla hajafungua kinywa. Lakini neno lile lilinichoma. Nikaona kaka yangu, mbele ya mume wangu na mke wake, ananishuku uchawi.

"Nikuonjee wewe?" nikamwambia, tena kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. "Tumetoka tumbo moja, tumenyonya ziwa moja, leo nikuonjee kama nimekuokota njiani?"

"Ndiyo maana nakuomba," akasema. "Mtu baki nisingemwomba. Ningejiondokea."

Neno hilo nililielewa miaka mingi baadaye, nikiwa nakoboa mpunga, nikaacha mchi. Siku ile sikulisikia. Baba yako akasema, "Onja tu mke wangu, yaishe." Nami nikaichukua ile bilauri mkononi mwa kaka yangu, nikaimwaga chai yote mchangani.

Mwamvua, mwanangu, tafakari. Mtu anaambiwa onja, yeye anamwaga. Hata ningekuwa mimi ndiye Kondo ningesadiki. Akanyanyuka. Tende yake nusu ilikuwa bado mkononi. Wifi yangu akajifunga kanga akamfuata, na mwezi mchanga wa Ramadhani ukawasindikiza mpaka nyumba waliyofikia. Mimi nilisimama pale nikijiambia kwamba kesho atakuja kuniomba radhi.

Kesho yake Kisarawe ikawa inajua kwamba mke wa utingo kamwekea kaka yake kitu ndani ya barafu, ati barafu huficha dawa. Nikipita kisimani wanawake wanachota haraka. Siku moja wewe ulirudi kutoka kwa wenzako unalia, umebeba kikapu chako cha mandazi vile vile kilivyotoka, hakuna aliyekubali hata moja. Nilikuambia wana wivu. Hawakuwa na wivu. Waliambiwa na mama zao wasile.

Mjomba wako akahamia Mbwawa kwa wakwe zake, akalima huko. Katika shida hatujawahi kuachana, hilo namsifu. Alipofariki baba mkubwa alikuja. Ulipougua surua alikuja, akakubeba mgongoni mpaka hospitali. Lakini daima alikuja na kibuyu chake cha maji kutoka Mbwawa. Atakaa matanga siku zote, atalia na sisi, na kiu ikimshika atazibua kibuyu chake mbele ya watu wote. Uliniuliza mara nyingi kwa nini mjomba anakuja na maji yake. Nikakujibu ana tumbo bovu. Sikuwa na jibu jingine ambalo ningeweza kulisema nikakutazama usoni.

Kila mara nilipokiona kibuyu kile nilikuwa na nafasi. Ningetwaa kikombe cha maji, nikapiga fundo, nikampa. Jambo la kupepesa jicho. Lakini mimi nasema aanze yeye, na yeye nadhani anasema nianze mimi, na hivyo wewe ukakua.

Nisubiri kidogo, maganda yananukia.

Nimerudi. Nimeipua, nimetia majani, nimefunika, nimechuja. Sasa imo mtungini, mchanga nimeulowesha tena. Rangi ni nzuri sana, nyekundu inayokaribia dhahabu. Nilitamani kugusisha ulimi, nikajizuia. Mazoea.

Nilikuwa nataka kukuambia neno kuhusu kazi unayoiendea. Mimi sijui ukunga. Nimezaa tu, tena mara moja, na hofu niliyokuwa nayo siku ile sijaisahau. Mkunga wangu alikuwa mama mmoja mgeni, wa upande wa Mlandizi, simjui wala hanijui. Alinipikia uji. Kabla hajanipa, alichota kwa kijiko akanywa, akanitazama, akachota tena akanipa. Nikajikuta nimemshika mkono na sikuuachia mpaka umezaliwa wewe. Ajabu ni kwamba mimi niliyefanyiwa hivyo ndiye niliyekuja kumnyima kaka yangu fundo moja.

Huko utakutana na wanawake wenye hofu. Wengine watakuwa Wagogo, wengine Wanyamwezi, wengine dini nyingine, watakutazama wewe binti wa Pwani na kikombe chako mkononi, watakuona adui. Atatokea mmoja atakuambia, onja wewe kwanza. Itakuuma. Utakuwa umekesha naye, umemfuta jasho, na bado anakushuku. Usiseme neno hata moja, mwanangu. Onja. Kuumia utaumia baadaye, ukiwa peke yako nyuma ya nyumba, kama utakuwa bado unalikumbuka.

Na ukiwa na haki, usiishike sana mkononi. Mimi nilikuwa na haki siku ile. Sikuwa nimetia kitu, Mungu anajua. Haki yangu ikanikalisha nyumbani peke yangu na majagi yangu.

Baba yako ameingia. Barafu imefika nusu. Lori lilikwama mlimani Pugu, jua limeipiga, gunia linatiririka maji. Nimemuuliza kama inatosha, amesema itabidi itoshe. Kisha amekaa kwenye kizingiti akivua viatu, na amesema bila kunitazama:

"Nimemwona kaka yako pale msikitini. Amefika tangu jana, amelala kwa rafiki yake."

"Amelala kwa rafiki?"

"Ndiyo."

"Kasemaje?"

"Kanisalimu vizuri. Ila anacho, mama Mwamvua. Kakitundika kwenye usukani wa baiskeli."

Sikumuuliza anacho nini. Kaka yangu amefika Kisarawe akalala kwa mtu baki wakati dada yake yupo, na leo anakuja na kibuyu kwenye futari ambayo ndiyo itakayokupeleka au kukuzuia. Baba yako ameliangalia sanduku lako pale ukumbini, limefungwa kamba tayari, akaangalia pembeni. Bado nina muda wa kupika uji. Unga upo, maji yapo. Nimeushika mfuko wa unga, nimeurudisha. Sijui kama utanisamehe, lakini nimeurudisha.

Jua limeshafika kwenye paa la jirani. Naikunja barua. Nikirudi kuiandika utakuwa na safari au huna.

*

Mwanangu, nimerudi. Wanaume wamekwenda msikitini kwa isha na tarawehe. Nimewasha taa, na nitakueleza mambo kama yalivyokuwa.

Alipiga hodi dakika za mwisho kabisa. Amezeeka, Mwamvua. Sijui kwa nini sikuliona hilo kwenye misiba. Nilimwamkia, "Shikamoo kaka," akaitikia, "Marahaba, Mwajuma," akakaa ukingoni mwa jamvi, kibuyu amekiweka katikati ya magoti. Nilipanga muhogo wa nazi, kunde, tende, magimbi. Mtungi nikauleta mwenyewe. Barafu tulishaitwanga, nikaitia kwenye jagi, vipande vya ndimu vikaelea juu. Maziwa hayakuwapo nyumba hii tangu asubuhi, nilihakikisha.

Ikaadhiniwa. Kondo akachukua tende akaing'ata. Mkono wake mwingine ukawa juu ya kizibo cha kibuyu, unakipapasa tu. Baba yako ameshika tende yake hajaila.

Sikungoja. Nikamimina bilauri moja, nikaiinua mbele ya uso wake aione, nikasema Bismillahi, nikanywa. Si fundo la kuonja. Nilipiga nusu ya bilauri, nipate kumaliza deni la miaka yote ile.

Mwamvua, ilikuwa chungu! Ukakasi umenishika meno, koo limekaza, macho yananitoka machozi, na sura yangu imekunjana siwezi kuikunjua. Nikajua papo hapo. Bakuli. Bakuli la sukari liko uani, mkekani, chini ya kawa, pembeni ya barua hii. Nilikuwa nakusimulia nikasahau.

Na kaka yangu ananitazama. Amemwona dada yake anakunywa chai ile ile, na uso wake unageuka kama wa mtu aliyemeza sumu. Nikaona mkono wake umeacha kizibo. Nikasema moyoni, basi, mtoto wangu nimemmaliza kwa mikono yangu. Kiburi kikanijia tena, wallahi, kikaniambia tabasamu, mwambie ni nzuri. Sikukubali.

"Kaka," nikasema, na sauti inatoka kwa shida, "nimesahau sukari."

Alinyoosha mkono akaichukua ile bilauri yangu, ile ile niliyoinywea, akaunusa ukingo wake. Kisha akanywa. Akakunja uso, akanywa tena mpaka barafu ikamgonga meno.

"Chungu kama shubiri," akasema.

"Najua."

"Mwajuma, mtu anayetaka kuniua angekumbuka sukari."

Akaanza kucheka. Unakijua kicheko chake cha puani, kile anachokizuia mpaka mabega yanatikisika. Nilikuwa sijakisikia humu ndani tangu ulipokuwa kibogoyo. Baba yako akacheka mpaka tende ikampalia. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, nikakimbilia uani kuchukua bakuli, nikaitia sukari kwenye jagi, ikakataa kuyeyuka kama nilivyokuandikia. Tukainywa hivyo hivyo, tunatafuna chembe za sukari. Mjomba wako akaomba tena, akaomba tena.

Tulipokwisha kula nikamwambia, "Kaka, siku ile ilikuwa yangu kuonja."

"Ilikuwa yako," akasema. Hakunipunguzia. Kisha akasema, "Na kesho yake ilikuwa yangu kurudi. Nilifika mpaka kwenye mkorosho wa jirani yako, nikageuka."

Nilimuuliza, kwa woga, juu yako.

"Aende," akasema. "Huyo nilishaamua tangu natoka Mbwawa. Wifi yako amepoteza watoto wawili kwa kukosa mkunga anayejua kazi, mimi ndiye nimzuie? Jibu la mtoto nilikuja nalo. Lako ndilo nililokuwa silijui."

Nilitaka kumuuliza basi kibuyu cha nini. Nadhani alinisoma usoni, maana alikichukua akanitupia mapajani. Kilikuwa chepesi. Nikakizibua nikakiinamisha, hakikutoka hata tone. Ni kipya, mwanangu, kimekaushwa na kuchongwa vizuri, na kizibo chake amekitengeneza mwenyewe. Alishinda na swaumu yake, akaja kufuturu kwa dada yake bila maji, na mimi nikashinda mchana kutwa nikimwona adui.

"Mpe mtoto," akasema. "Treni ina kiu."

Basi panda, Mwamvua. Sanduku lako limo ndani ya lori. Ukifika Pugu usikae upande wa jua. Nitakukumbuka kila nikisikia barafu inagonga kioo, na nitalia, usijali, machozi ya mama hayazuii treni.

Kibuyu alichokushikisha baba yako ni hicho cha mjomba wako. Wameondoka kwenda msikitini, nami nimepika chai nyingine upya, sukari ikaingia ikiwa ya moto, ikapoa mtungini, ndimu ikafuata, nikaimimina kibuyuni, na barafu iliyobaki yote nimeitumbukiza humo. Kesho barafu itakuwa imeyeyuka, lakini chai itakuwa bado baridi. Wagawie na wenzako behewani.

Kunywa bila wasiwasi. Nimeionja.

Mama yako,
Mwajuma